Kutu nyeupe chini ya plastiki ya bluu, na riveti zilizozama: nianze na lipi kwenye bawa hili?

PutiNaMsasa

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa rangi za magari. Mlango uliooza chini, boneti yenye mawimbi, bampa lililopasuka, hayo namaliza huku nasikiliza redio. Sasa nimejiingiza kwenye ndege. Nimenunua mradi wa ndege ya kujiundia ulioachwa njiani: mkia umekwisha, kiwiliwili bado kiko wazi, bawa la kushoto limeshafungwa riveti lote juu na chini, la kulia ni mifupa mitupu.

Shida iko kwenye hilo la kushoto. Aliyeanza mradi aliiacha ile plastiki ya bluu inayokuja na bati kulikinga na mikwaruzo. Alichana vipande vyembamba tu kufuata mistari ya riveti ili apate pa kufanyia kazi, kwingine kote akaiacha. Bawa likakaa stoo miaka, limeegemezwa ukutani, ukingo wa mbele ukiwa chini.

Plastiki ilikuwa imeng'ang'ania, nikaipasha kidogo kwa mashine ya hewa moto ndipo ikakubali. Chini yake nimekuta vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni vinyuzi vyeupe vilivyotambaa kutoka pale plastiki ilipokatwa kuelekea ndani, vimejipinda pinda, virefu kama nusu ya kidole. Nikivisugua kwa kidole vinatoa unga, chini yake bati ni la kijivu lakini ukucha haushiki kitu. Cha pili kiko karibu na ukingo wa mbele, sehemu iliyokuwa chini: vidoa vyeusi vyeusi, na hapo ukucha unakwama.

Michoro inasema bati ni 2024-T3 Alclad, unene inchi 0.025, yaani kama milimita 0.64. Riveti ni AN426 za kichwa bapa, nyingi za shina la inchi 3/32.

Halafu kuna jambo la riveti zenyewe. Mstari wa juu ya mhimili mkuu, vichwa vingi vimezama kidogo chini ya uso wa bati. Mwanga ukipita kwa ubavu unaona kila kimoja kina kivuli chake. Kule karibu na ncha ya bawa kuna chache zimezama zaidi. Jicho langu la rangi halivumilii. Nataka ndege ikishapigwa rangi iwe laini kama kioo.

Kwa hiyo:
1. Hiyo kutu naitoa kwa nini? Nina msasa wa kila namba, grainda, brashi za waya.
2. Nitajuaje kama bati bado ni zima?
3. Riveti nizijaze kwa puti yetu hii ya magari, ile ya kuchanganya na hadina, au kuna kitu kingine?

Picha sina kwa sasa, simu imekufa kioo.

---

KasiKwanza

Karibu kwenye ugonjwa wetu, haujapatikana tiba.

Kwa namba 3: jaza bila wasiwasi. Ndege yangu ina riveti za kuvuta, zile zenye tundu katikati, na nilijaza kila moja mbele ya mhimili. Lakini siyo kwa puti ya magari. Tumia epoksi iliyochanganywa na vipuli vidogo vya kioo, ule unga mweupe mwepesi unaopeperuka ukipiga chafya. Ni nyepesi, haisinyai, inasugulika vizuri. Puti ya poliesta ina ulanga ndani yake, inafyonza unyevu, na inaendelea kusinyaa hata baada ya rangi kukauka. Baada ya muda kila riveti inajichora upya na kazi yako yote inaonekana.

Hizo za kuvuta lazima zijazwe hata kama huna haja na urembo, kwa sababu nyingi zina kipande cha msumari wa chuma kilichobaki ndani. Maji yakiingia unaanza kuona michirizi ya kahawia kwenye rangi. Zako ni za kugonga, hazina tundu, hilo halikuhusu.

Kuhusu kutu, piga kitambaa cha Scotch-Brite, kile cha kusugulia chenye nyuzi ngumu, endelea na maisha.

---

BibiRiveti

PutiNaMsasa, karibu. Naomba uweke chini grainda. Brashi za waya zifungie kabatini mpaka utakaporudi kwenye magari.

Sababu: chembe za chuma zinabaki zimejikita kwenye alumini, na kila chembe inakuwa kiini kipya cha kutu. Stilwaya vivyo hivyo, na karatasi yoyote ya msasa iliyowahi kupita kwenye chuma usiilete hapa. Tumia vitambaa vya Scotch-Brite vya rangi ya zambarau iliyoiva au vya kijivu, vipya, kwa mkono.

Sasa twende kwa utaratibu, maana umeuliza maswali matatu na la tatu ndilo linalonitia hofu.

Bati lako ni sandwichi. Katikati kuna aloi ya 2024, ambayo ina shaba karibu asilimia 4, na shaba hiyo ndiyo inayoipa nguvu na ndiyo inayoifanya iwe rahisi kuliwa. Kwa hiyo kiwandani wanaifunika pande zote mbili kwa utando wa alumini karibu safi. Utando huo unajitoa mhanga: kukiwa na mkwaruzo, unaliwa wenyewe kwanza, aloi ya ndani inabaki. Kwenye mabati membamba kama lako, utando ni kama asilimia 5 ya unene kila upande. Piga hesabu: asilimia 5 ya milimita 0.64 ni milimita 0.03. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Fundi wa rangi mwenye mkono mzuri na mashine ya kuzungusha anaumaliza utando huo kabla chai haijapoa, na bati litang'aa vizuri sana, na litakuwa halina kinga.

Vinyuzi vyako vyeupe ni kutu ya nyuzi. Inaanzia kwenye kingo, unyevu unaponaswa chini ya rangi au plastiki, inatambaa kwa juu juu. Ikiwa ukucha haushiki, inawezekana kabisa imekula utando tu. Hiyo inatibika.

Vidoa vya ukingo wa mbele ni habari nyingine. Hivyo ni vishimo, na kishimo kina tabia ya kuwa na mdomo mdogo na tumbo kubwa. Usikisugue kwanza. Safisha kwa maji na sabuni, kausha, futa mafuta kwa asetoni, kisha tazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Unatafuta kina, na unatafuta kama bati limeanza kuachana tabaka tabaka au kuvimba kuzunguka kishimo. Likivimba, kutu imeingia kati ya punje za metali na kusugua hakutasaidia kitu.

Baada ya hapo weka rula ya chuma juu ya bati katikati ya riveti mbili, tochi iwe nyuma ya rula. Mwanga ukipita pembeni lakini usipite katikati, bati limetunishwa. Unga wa kutu unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo kukiwa na kutu iliyofichika kati ya bati na mbavu, inasukuma bati juu. Hicho hukioni kwa kutazama usoni, na wewe unapanga kukisawazisha kwa puti.

Halafu riveti. Unaona mashimo ya kujaza. Mimi nikiambiwa riveti zimezama, nauliza zimezama kwa nini. Bati la 0.025 halichimbwi kwa biti ya koni ili kichwa kikae. Ni jembamba mno kwa kichwa cha 3/32. Linabonyezwa kwa dai, yaani jozi ya vibonyezo vya chuma, tundu linajikunja kuwa kikombe na riveti inakaa ndani ya kikombe. Mtu akilichimba badala ya kulibonyeza, biti inapita mpaka upande wa pili, tundu linapanuka na ukingo wake unabaki mkali kama wembe. Ukingo kama huo ndipo ufa wa uchovu wa metali unapopenda kuzaliwa. Riveti yenyewe itaonekana imezama tu, basi.

Wazee wa kazi hii wanaikumbuka Aloha Airlines ya Aprili 1988 kule Hawaii. Boeing 737 ilipoteza kipande kikubwa cha paa ikiwa angani, mhudumu mmoja akafa. Kulikuwa na gundi ya maungio iliyoachia, kutu, na nyufa ndogo ndogo zilizoanzia kwenye matundu ya riveti bapa zenye kingo za wembe, zikaungana. Abiria mmoja aliuona ufa alipokuwa anapanda na hakusema. Ile ilikuwa ndege yenye safari karibu 90,000 mgongoni, na kiwiliwili chake kinajazwa hewa kila safari. Yako haitapitia hayo. Ila metali ni ile ile.

Ingia ndani ya bawa kwa kioo cha meno au kamera ya waya kupitia matundu ya ukaguzi. Tazama nyuma ya zile riveti za kwenye ncha ya bawa. Bati na mbavu vikiwa vimebonyezwa, utaona kikombe kimejitokeza upande wa ndani wa mbavu, na mkia wa riveti umekaa juu yake. Ukiona mbavu ni bapa kabisa hapo, nijulishe.

Na pia angalia kama kuna panya waliowahi kukaa. Sitanii.

---

KasiKwanza

Bibi, heshima yako, lakini umemtisha kijana. Mstari wa juu ya mhimili kuzama kidogo ni kawaida kwa nusu ya ndege tunazozijua humu.

---

BibiRiveti

Juu ya mhimili nakubaliana nawe. Kitako cha mhimili, yaani ile sehemu bapa ambayo bati linafungwa juu yake, ni kinene, hakibonyezwi. Kinachimbwa ili kikombe cha bati kipate pa kukaa. Mtu akizidisha kuchimba kidogo, bati linakaa chini kidogo na riveti nayo. Bati lenyewe linakuwa zima. Ndiyo maana nimemtuma kwenye ncha ya bawa.

---

PutiNaMsasa

Shikamoo Bibi. Nimefanya ulivyosema, nimekaa na bawa hili tangu asubuhi.

Panya: wapo, au walikuwepo. Kiota cha nyasi na vipande vya godoro kwenye kona ya mbavu ya mwisho, ndani. Harufu bado ipo. Bati la chini ya kiota lina madoa meupe yenye mzunguko wa kahawia.

Rula: juu ya bawa lote hakuna mtuno, mwanga unapita sawasawa. Nimerudia mara ya pili usiku taa zimezimwa, maana kwenye magari nako mawimbi tunayatafuta gizani.

Vidoa vya ukingo wa mbele: vingi ni vidogo kuliko ncha ya kalamu. Rafiki yangu ana geji ya saa yenye sindano. Tumeipachika kwenye kipande cha bati bapa ili ikae sawa, tukapima vile vikubwa. Kina zaidi nimepata milimita 0.05. Bati halijavimba.

Riveti za ncha ya bawa: kamera imeingia. Nyingi zina kikombe kama ulivyoeleza. Ila zile chache zilizozama zaidi, zote zikiwa kwenye mbavu ya mwisho, nyuma yake ni bapa. Bapa kabisa. Inaonekana dai haikuweza kufika pale kwenye kona, mtu akaamua kutumia biti.

Kwa hiyo nimeacha kufikiria puti. Nifanye nini?

---

BibiRiveti

Marahaba. Umefanya kazi ya fundi.

Tuanze na hizo za kwenye mbavu ya mwisho. Mwandikie aliyeibuni ndege, umpe michoro, namba ya mbavu, na ni riveti zipi kwenye mstari. Ndiye mwenye mamlaka ya kusema kama inatosha kuongeza riveti mpya katikati ya zile mbovu, au kuweka kipande cha kuimarisha chini, au kubadilisha bati. Mimi ninaweza kubashiri lakini sitaki ubashiri wangu upae na wewe.

Wakati unasubiri jibu, ng'oa moja uthibitishe. Kichwa cha AN426 cha aloi ya AD kina kidoa kilichodidimia katikati. Hicho ndicho kinakuongoza. Weka biti namba 40 hapo, toboa kwa mkono mwepesi mpaka unene wa kichwa tu, usiende zaidi. Kichwa kinakatika kwa kukisukuma pembeni na pini iliyoingizwa kwenye tundu ulilotoboa. Shina lililobaki linagongwa kutoka, na mtu wa pili ashikilie chuma kizito nyuma ya mbavu pembeni mwa mkia, la sivyo unapinda mbavu. Watu wanaharibu tundu kwa sababu wanataka kutoboa riveti nzima mpaka chini. Usifanye hivyo.

Ukiona tundu limelegea kwa riveti ya 3/32, zipo NAS1097 za shina la 1/8 zenye kichwa kidogo kinachokaa kwenye kikombe cha 3/32. Zinaokoa tundu lililopanuka, haziokoi ukingo wa wembe.

Kwa vishimo: asilimia 10 ya unene wa bati, kikomo watakachokutajia watu humu, siyo sheria ya dunia nzima. Kila mbunifu ana kiwango chake, na kinategemea bati liko wapi. Kwako 0.05 kwa 0.64 ni karibu asilimia 8, kwa hiyo utando umeshatoboka na kutu imegusa aloi. Kumbuka pia kwamba utakaposugua mpaka chini ya kishimo kina kitaongezeka kidogo. Mtajie vipimo hivyo kwenye barua ile ile. Nakala ya AC 43.13-1B ya mamlaka ya anga ya Marekani ina sura nzima ya kutu, na ile AC 43-4 ni kutu mwanzo mwisho. Zote zinapatikana bure, zisome unaposubiri.

Mkojo wa panya safisha leo. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, suuza, kausha kwa hewa. Kila siku unayochelewa, mkojo unakula bati.

---

Maabara_ya_Uani

Naongezea upande wa kemikali kwa sababu hapa ndipo watu wa rangi za magari wanapojiamini kupita kiasi (nimetokea huko huko, usinune).

Mpangilio unaokubalika kwa alumini tupu ni asidi ya fosfori iliyozimuliwa, mfano Alumiprep 33, halafu maji, halafu dawa ya kromati kama Alodine 1201, halafu maji tena, halafu praima ya epoksi. Asidi inakaa dakika mbili tatu na isikaukie kwenye bati. Ukisuuza, tazama maji yanavyotembea: yakitandaa kama kitambaa kimoja, bati ni safi. Yakijikusanya matone au kukwepa sehemu, bado kuna mafuta, rudia. Alodine inaacha rangi ya dhahabu hafifu. Ikiwa bado changa ni laini, usiifute kwa nguvu, iache ikauke.

Tatizo lako ni kwamba bawa limeshafungwa. Ukimwaga asidi juu yake, itaingia kwenye maungio ya mabati na chini ya vichwa vya riveti, na hutaweza kuisuuza huko. Miaka miwili baadaye inachipua. Kwa hiyo usimwage. Bandika tepu kwenye kila ungio, fanya kazi kwa kitambaa chenye unyevu tu, kipande kidogo kwa kipande, na suuza kwa vitambaa vingi vya maji safi. Inachosha, ndiyo.

Mambo ya usalama ambayo hayajadiliwi: kromati hii inasababisha saratani. Glavu, miwani, na usisugue praima ya kromati ikiwa kavu. Vitambaa vilivyolowa Alodine visuuze kabla ya kutupa, kwani vikikauka vinaweza kuwaka.

Halafu usipulizie yale mafuta ya kuzuia kutu, ACF-50 na wenzake, kabla ya rangi. Ni dawa nzuri sana ndani ya bawa baada ya kila kitu kuisha, yanapenya kwenye maungio yenyewe. Ila yanapenya pia kutoka ndani kuja nje kupitia riveti, na rangi inakataa kushika. Utaona macho ya samaki, vile vishimo vya duara rangi inapokwepa mafuta, kila mahali.

---

PutiNaMsasa

Macho ya samaki nayajua vizuri, asante. Hilo la tepu kwenye maungio lisingenijia.

Mbunifu amejibu. Vishimo vya ukingo wa mbele amevikubali kwa sharti nisizidi kina alichonitajia, na nipime upya baada ya kusugua. Kwa mbavu ya mwisho ameleta mchoro: kipande cha kuimarisha ndani, riveti mpya katikati ya zile za zamani. Kipande anasema nikate kutoka kwenye bati la aloi ile ile, nikipige praima pande zote kabla ya kukifunga.

Sasa narudi kwenye dhambi yangu. Mstari wa juu ya mhimili, ambao Bibi amesema ni salama. Naweza kuujaza?

---

KasiKwanza

Hapa nasimama mimi. Jaza.

Waingereza walilipima jambo hili wakati wa Spitfire, ndege yao ya kivita. Riveti bapa zilikuwa zinachukua muda mwingi kiwandani, wakataka kujua ni wapi wanaweza kuweka za kichwa cha mviringo bila kupoteza kasi. Wakachukua njegere zilizopasuliwa nusu, wakazibandika kwa gundi juu ya kila riveti bapa, ndege nzima. Kasi ikashuka kama maili 22 kwa saa. Kisha wakawa wanazikwangua mstari kwa mstari, wanaruka tena, wanapima. Ndivyo walivyojua wapi pana umuhimu na wapi hapana.

Funzo kwa ndege zetu: kilicho mbele kinaumiza kuliko kilicho nyuma. Hewa inapoanza kutambaa juu ya bawa bado imetulia, kidude kidogo kinaivuruga na vurugu linaendelea mpaka nyuma. Ikishavurugika yenyewe, riveti za huko nyuma hazina cha kuharibu. Kwa hiyo mstari wa mhimili na kila kilicho mbele yake, jaza. Nyuma ni urembo. Na kusema kweli, riveti iliyozama inasumbua kidogo kuliko iliyochomoza.

---

BibiRiveti

Sitagombana na njegere.

Ila ujue unachonunua. Riveti inayolegea inajieleza: metali inasagana, inatoa vumbi jeusi, upepo unalivuta kuelekea nyuma na kuacha mchirizi kama wa moshi. Mkaguzi akiona mchirizi anajua pa kuanzia. Ukiwa umejaza kichwa, vumbi halina pa kutokea.

---

KasiKwanza

Lakini itapasuka duara kwenye rangi. Hiyo nayo ni ishara.

---

BibiRiveti

Ni ishara ikiwa umejaza kidogo na kwa kitu kigumu. Ukijaza kwa mtindo wa bodi ya gari, yaani unapaka bawa zima kisha unasugua mpaka liwe kioo, duara litapasuka kila mahali, kwenye riveti nzima na mbovu sawasawa, kwa sababu bati linacheza na puti haichezi. Hapo ishara imekufa.

PutiNaMsasa, ukiamua, fanya hivi. Praima ya epoksi kwanza, ili metali ifungwe kabisa chini. Ikwangue juu kwa kitambaa cha kijivu. Changanya epoksi na vipuli mpaka iwe nzito isiyotiririka. Chukua kadi ya plastiki yenye ukingo ulionyooka, pitisha juu ya kichwa kimoja kimoja, mara moja kwa mshazari, mara moja kukatiza, ukikandamiza. Kinachobaki ni kile kilicho chini ya uso wa bati tu. Kilichosambaa pembeni kifute kabla hakijakauka, ili usije ukalazimika kukisugua.

Ikikauka, sugua kwa ubao mdogo mgumu na msasa wa 320, mapito machache, uishie kwenye praima. Ukiona alumini inang'aa kwenye ukingo wa kichwa cha riveti, acha, umefika mbali mno. Gusa hapo kwa Alodine na praima kabla ya kuendelea. Na riveti iliyochomoza usiisugue ishuke. Inang'olewa.

---

PutiNaMsasa

Hiyo kadi kwa mshazari ndivyo tunavyojaza vishimo vya mawe kwenye boneti. Nimeelewa.

La mwisho. Aileroni na flapu, vile vipande vinavyocheza nyuma ya bawa, zipo tayari kwenye boksi, nazo zina riveti zile zile. Nizifanyie hivyo hivyo zifanane na bawa?

---

BibiRiveti

Flapu fanya upendavyo. Aileroni USIJAZE.

Aileroni imening'inia kwenye bawaba, na mbele ya bawaba kuna uzito wa kuisawazisha. Sehemu kubwa ya bati iko nyuma ya bawaba. Tuseme umeongeza gramu 50 tu za puti na rangi, na kitovu chake kiko sentimita 20 nyuma ya bawaba. Kama uzito wa mbele uko sentimita 5 tu kutoka kwenye bawaba, utahitaji gramu 200 za ziada kuurudisha mzani ulipokuwa. Aileroni nzito nyuma, kwenye kasi fulani, inaanza kutetemeka yenyewe, bawa linaipokea, zinachocheana, na kinachofuata kinaisha ndani ya sekunde chache.

Hata rangi peke yake inatosha kuharibu mzani. Kwa hiyo tabaka jembamba, bila puti, na baada ya rangi kukauka kabisa unaitoa, unaiweka kwenye bawaba zake juu ya meza, unapima kama michoro inavyoagiza. Ulishaipima kabla ya rangi? Hiyo haihesabiki. Pima tena, uandike kwenye kitabu cha ndege, tarehe na sahihi.

---

Maabara_ya_Uani

Na usukani wa mkia na elevata, kile kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua, vilevile, kabla hujauliza. Umesema mkia umekwisha: kama ulishapigwa rangi na mwenye mradi wa kwanza, huna ushahidi kwamba alipima baada ya rangi. Upime wewe.

---

PutiNaMsasa

Umepigwa rangi. Koti mbili, na kwa uzoefu wangu kuna puti chini yake, nimegonga kwa kucha sauti ni nzito. Naishusha elevata kesho nianze kuiondoa rangi. Dawa ya kubandua rangi ya magari inafaa kwenye Alclad, au nayo niifungie kabatini?

---

Maabara_ya_Uani

Soma kopo. Ikiwa ina asidi, au ina alkali kali kama dawa ya kuoshea oveni, kabatini. Tumia iliyoandikwa kuwa ni ya alumini, bandika tepu kwenye maungio kama nilivyosema, na kwangua kwa kipande cha plastiki, siyo chuma. Ukifika kwenye puti, itoe kwa mkono.